Mkono Uliotoka Kwenye Plasta

Leo daktari alipokata plasta kwenye mkono wa mwanangu, ilitoka harufu ya chaki na jasho lililochacha, nikakumbuka mkono wangu niliovunja nikiwa mdogo.

Wangu ulitoka mweupe kuliko ule mwingine, laini kama wa mgeni, nikaupenda. Mama alikuwa akianika mihogo kando ya barabara ya Malaba, malori yakitupulizia vumbi. Nilimsaidia nikiwa nimevaa sweta, jasho likinitiririka.

"Vua hiyo sweta, joto litakuua."

"Sitaki jua liguse huu mkono."

Akacheka. "Ngozi yetu inajipaka weusi ndio jua lisituchome, mwanangu. Hiyo ilikaa gizani tu, ikasahau. Itarudi."

"Sitaki irudi. Itakuwa kama yako."

Mama aliitazama mikono yake, nyeusi, vidole vimejaa unga wa mihogo. Kisha akaificha ndani ya leso aliyojifunga kiunoni, na nusu ya mihogo bado ilikuwa kwenye gunia.

Leo tukitoka hospitalini, mwanangu aliulaza mkono wake kando ya wangu.

"Mama, huu mkono utarudi lini kuwa kama wako?"