Mabawa ya Mikono Kumi

Wan Rubiah alifundisha hesabu darasa la nne katika shule ya kijiji karibu na mji wa Tumpat. Kila Alhamisi, kipindi cha mwisho kabla ya mapumziko ya Ijumaa, aliwaambia watoto wafunge vitabu na watoe mikasi. Wenzake waliuita muda huo mchezo. Yeye hakubishana nao. Utotoni alichapwa sana kwa ajili ya hesabu za sehemu nazo hazikumwingia, hadi jirani yake Pok Jusoh, mtengeneza tiara za kurusha, alipompa karatasi akamwambia aikunje. Nusu ya nusu aliielewa siku hiyo, kwa vidole.

Mwaka 1978 alikuja mwalimu mkuu mpya, Che Lazim, mtu wa rula na ratiba. Siku moja alisimama mlangoni akawakuta watoto wakipima karatasi kwa shibiri.

“Mwalimu Rubiah, shibiri si kipimo. Kila mtu ana yake.”

“Na kila mtu ana tiara yake, bwana mkuu. Bawa shibiri mbili na nusu, mkia moja na nusu. Mkono mdogo, tiara ndogo. Uwiano haubadiliki.”

“Basi nione. Alhamisi ijayo, shambani. Zikiruka zote, kipindi ni chako. Ikianguka hata moja, kinarudi kwenye mazoezi ya mtihani.”

Watoto walikuwa kumi, na karatasi iliyokuwapo ilitosha tiara tano tu. Katika tiara za watoto kila bawa hutengenezwa peke yake, kisha mawili hufungwa kwenye uti wa mwanzi. Kwa kuwa siku zilikuwa chache, Rubiah aligawa kazi: safu ya kushoto itengeneze mabawa ya kushoto, na safu ya kulia ya kulia. Kazi ilikwenda upesi, na maua yaliyokatwa juu ya karatasi yalipendeza.

Jumanne alasiri walizijaribu. Zote tano zilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, zikaanguka. Pok Jusoh, aliyekuja kukagua kamba, alicheka hadi tambuu ikampalia.

“Rubiah mwanangu, umeozesha watu bila kuwapima vimo!”

“Pok, usinicheke mbele ya watoto.”

“Wewe sikucheki. Naicheka ndoa.”

Hapo ndipo Rubiah alipoliona kosa. Yeye aliyehubiri kwamba kila mkono una kipimo chake ndiye aliyefunga mikono miwili tofauti kwenye uti mmoja. Karatasi nyingine haikuwapo, na duka la mjini lingeipata baada ya Ijumaa.

Asubuhi ya Jumatano aligawa vipande vyembamba vya magazeti. Kila mtoto alitandaza mkono, akakata kipande sawa na shibiri yake na kuandika jina. Vipande kumi vikapangwa sakafuni.

“Wa kushoto atafute wa kulia aliye sawa naye,” alisema Rubiah. “Mkishapatana, fungueni mabawa yenu mkayafunge pamoja kwenye uti mmoja.”

“Mkono wako kama kasia!” watoto walitaniana wakipimana.

“Na wako kama wa paka!”

Jozi nne zilipatikana. Wakabaki Awang na Melor, na kipande cha Awang kilizidi cha mwenzake kwa pingili moja ya kidole.

“Lipunguze bawa lako,” Melor alisema.

“Nilipunguze? Nimekata maua siku tatu! Kata la kwako.”

“La kwangu ndilo dogo, we kichwa maji!”

Hatimaye Awang alikubali kuikunja nyuma karatasi iliyozidi, na mabawa yakalingana upana.

Alhamisi tiara nne zilipanda juu ya mabua ya mpunga uliovunwa, zikatulia. Ya tano iliinama upande wa Awang, ikazunguka mara mbili, ikatua kifudifudi. Che Lazim alifunga daftari lake.

“Tulikubaliana, Mwalimu.”

“Tulikubaliana.”

“Nani alipanga tiara moja itoke mikono miwili?”

Awang alifungua kinywa, lakini Rubiah alimtangulia. “Ni mimi. Hawa wamerekebisha kosa langu.”

“Wamerekebisha nini, na hii imelala chini?”

Melor alikuwa ameshachuchumaa kando ya tiara. “Upana uko sawa, Mwalimu. Ila alipokunja Awang karatasi ni mara mbili. Bawa lake zito.”

“Zito kwa kiasi gani?”

Melor alipima mkunjo kwa vidole. “Kwa kipande cha kiasi hiki. Nikibandika kama hicho kwangu, tutakuwa sawa.”

Alichana ukurasa wa daftari lake, akaubandika kwa gundi ya muhogo iliyobaki mkebeni. Wakasubiri ikauke. Tiara ikapanda ikitetemeka, na Awang akapiga kelele, “Legeza kamba, si yako peke yako!”

Che Lazim alilifungua tena daftari lake. “Sikusema ziruke kwa jaribio la kwanza,” alisema. “Kipindi kibaki. Lakini hizo shibiri zenu mzipime kwa rula pia, na mwandike.”

“Tutaandika,” Rubiah alijibu.

Kipindi kilibaki Alhamisi hadi alipostaafu. Vipande vya shibiri alivihifadhi katika bahasha moja, kila kimoja kina jina, na sentimita zake zimeandikwa kwa penseli. Ni kumi na kimoja. Kilicho kirefu kuliko vyote kina jina la Che Lazim.