Picha ya Ini la Baba Kanana

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Meru mwanzoni mwa miaka ya tisini, mkuu wa idara ya eksirei hakunionyesha mashine. Alinipeleka stoo ya filamu. "Ukipoteza picha ya kwanza ya mgonjwa, usiniletee ya pili," alisema. Alikuwa mkali, na nilimpenda kwa hilo.

Nyinyi vijana mna kompyuta. Picha zetu zilikuwa filamu za plastiki zilizopakwa madini ya fedha, na madini hayo ndiyo yaliyoshika kivuli cha mwili. Kwa saratani ya ini, mgonjwa alidungwa dawa ya rangi mshipani kabla ya skani. Daktari akatazama jinsi uvimbe ulivyoinyonya, akakisia kama tiba ingeufikia. Baada ya tiba mgonjwa alipigwa picha nyingine, zikapangwa pamoja mbele ya taa. Bila ya kwanza, utajuaje kama uvimbe umekua au umenywea?

Baba Kanana, mkulima wa viazi kutoka Kiirua, alipigwa skani Nairobi, akatukabidhi filamu tumtunzie, maana nyumbani moshi ungeiharibu. Kisha akaanza dawa. Zilimtapisha hadi akashindwa kusimama, lakini alivumilia, akingoja picha ya pili imwambie kama anapona.

Mkuu wangu akiwa likizoni, msimamizi wa hospitali aliuza filamu zote za stoo, ya Baba Kanana ikiwemo, kwa wanunuzi wa madini. Hao huzilowesha kwenye kemikali, madini ya fedha yakatoka, ikabaki plastiki tupu. Nilimjia juu.

"Hizo ni takataka," akanijibu. "Si apigwe ingine tu?"

Akapigwa ingine. Daktari aliitazama bila ya kwanza ya kulinganisha, akakuna kichwa, akasimamisha dawa kwa kukosa uhakika. Mama Kanana akanishika mkono koridoni. "Daktari," aliniita hivyo ingawa sikuwa, "hiyo dawa ilikuwa inamsaidia ama tulikuwa tunamtesa bure?"

Mumewe alikufa viazi vikiwa bado shambani.

Nilihamishiwa Embu, na hasira hiyo nikahama nayo. Siku ya kustaafu, mgeni wa heshima alikuwa msimamizi yuleyule, sasa mkubwa zaidi. Akanisifu, eti kila nilipofanya kazi stoo ilikuwa safi! Safi! Niliposimama kutoa shukrani, nilisimulia habari za Baba Kanana mbele ya watu wote, kisha nikamwuliza yeye swali la Mama Kanana, neno kwa neno.

Akatazama saa, akatangaza kwamba chakula kinapoa.