Kocha Mwarmenia na Kamati Yetu

Jirani yangu wa ghorofa ya chini huku ughaibuni, Brooklyn Park, ni mzee Mwarmenia aliyewahi kuwa kocha kwao. Klabu yake ilianzishwa na mafundi wa kiwanda cha viatu, ikapanda hadi ligi kuu. Kisha kiwanda kikafungwa, wakubwa wawili wakaanza kugombea uenyekiti. Siku ya mechi kila mmoja alileta wachezaji wake kumi na mmoja, wote kwa jezi ileile. Refa akawatazama, akafunga begi lake, akaenda zake. Klabu ikafutwa.

Nilipowasimulia wenzangu kanisani walicheka hadi machozi. Ati Wazungu nao ni wajinga hivi! Nyani haoni kundule.

Maana sisi Wakenya tukikutana watatu, lazima awepo mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Akitokea wa nne tunamfanya mlezi. Tulipoamua kuunda timu tulianza na uchaguzi, na kwa mwezi mzima simu hazikupumzika: huyu ameiba kura, yule hana nidhamu, kundi la WhatsApp likazaa jingine. Watu wazima, manesi na wahasibu, wanatukanana kwa ajili ya umakamu wa mwenyekiti wa timu ambayo haijatoka jasho hata mara moja. Pumbavu kabisa.

Mimi nilitaka kucheza tu. Mzee naye alitaka kufundisha mara moja zaidi kabla magoti hayajamkatalia. Aliniambia hivyo waziwazi, nami nikamuahidi timu.

Jumamosi alifika uwanjani mapema, amenyoa ndevu, filimbi shingoni. Wenzangu walikuwa wameketi kwenye viti vya kukunja, wanakunywa chai na mandazi.

"Coach ata-wait kidogo," mwenyekiti akasema. "Kwanza tu-confirm kama jina lake lilipitia kwa kamati."

Wakajadili. Mmoja akapinga, mwingine akadai kupinga kwenyewe hakukufuata katiba. Mzee alisimama kwenye nyasi upepo ukimpiga, nami niliona aibu hadi masikio yakawaka. Mwishowe akaniuliza mpira uko wapi. Nikamuuliza katibu. Katibu akamtazama mweka hazina. Hakuna aliyebeba mpira.

Mzee akavua filimbi, akaitia mfukoni.

"Sisi angalau tulicheza kwanza," akaniambia, "ndipo tukafa."

Akaelekea kwenye gari lake. Nyuma yangu mtu akainua mkono, akauliza kama kauli hiyo iingizwe kwenye kumbukumbu za kikao.