Maji Safi

Miaka kumi na tisa Mama Chupa alikuwa akiosha vichupa vya maabara. Shule hakuionja, lakini kazi yake alikuwa nayo kichwani: vichupa vilale kwenye tindikali hadi kesho yake, kisha visuuzwe mara tatu kwa maji ya mtambo, yale yanayochemshwa yakawa mvuke, yakarudi kuwa maji matupu. Katika vichupa hivyo ndimo ilimotiwa damu ya kupimwa shaba. Shaba ikizidi au ikipungua, daktari hupata pa kuanzia kujua ini la mgonjwa limepatwa na nini.

Kisha akaja mkuu mpya, kijana wa kutembea kwa haraka. Akabandika karatasi juu ya sinki.

"Imeandikwaje, bosi?"

"Suuza kwa maji safi."

"Yale ya mtambo?"

"Mama, na wewe! Hujui maji safi?"

Alikuwa ameshaondoka. Maji safi Mama Chupa aliyajua: ya bombani, yale anayokunywa. Akashika amri.

Wiki ya pili kila damu ikatoka na shaba tele. Mkuu akajipima mwenyewe ili kuikagua mashine. Naye akaonekana mgonjwa. Akaona kosa ni la vichupa; ndipo akamwita Mama Chupa, akamsukumia barua na kidau cha wino.

"Weka dole gumba. Umekiri uzembe, mwisho wa mwezi unaondoka."

Magoti yalikuwa yakimuuma tangu asubuhi. Angeweza kuweka tu, akalale. Lakini kidole kilikataa.

"Sikiweki. Nimesuuza kwa maji safi, kama ulivyosema. Yapimeni maji kwanza."

"Maji safi ni ya mtambo! Kila mtu anajua!"

"Kila mtu nani? Mimi nilikuuliza."

Mpimaji aliyekuwa kwenye mashine, waliyemwita Miwani, akacheka puani. "Bosi, hata mimi nyumbani maji safi ni ya bomba." Akachukua vichupa viwili vitupu, kimoja akakisuuza kwa maji ya mtambo, kingine kwa ya bomba, akavitia mashineni. Cha kwanza hakikuonyesha kitu. Cha pili namba ikapanda.

"Mabomba yetu ni ya shaba," Miwani akasema. "Tulikuwa tunapima bomba."

Mama Chupa akangoja. Pole haikuja. Mkuu alikohoa, akaitazama barua, akaigeuza. Nyuma palikuwa peupe. Akaandika kwa herufi kubwa, akang'oa karatasi ya zamani, akabandika hiyo mahali pake.

"Maji ya mtambo. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, bosi. Nilisikia kabla hujajua kushika kalamu."

Miwani akainamia mashine kuficha meno. Damu zote zingechukuliwa upya, vichupa mia mbili. Mama Chupa akakunja mikono ya gauni, akafungua tindikali. Juu ya sinki barua yake ilikuwa imegeukia ukuta, bila alama ya dole.