Kamba Nyekundu Ilipoisha

Miaka kumi na minne alishinda na mapipa, mpaka karakana nzima ikamwita Mama Pumba, naye akaitika. Karakana ilipaka kromu rimu za pikipiki na miguu ya viti. Maji ya kusuuzia yalitoka humo ya manjano, yamejaa sumu, na kazi yake ilikuwa kuyapitisha kwenye mapipa matatu yaliyoshindiliwa pumba za mpunga. Pumba hizo hizo ambazo mashine za kukoboa huzitupa zilinasa sumu yote, na kwenye pipa la tatu maji yakatoka meupe. Wageni wa mwenye karakana walipiga picha na maji hayo. Mgongo wa Mama Pumba hakuna aliyeupiga picha.

Pumba zikishashiba sumu alizitia kwenye viroba, akavipanga nyuma ya choo, kando ya viroba safi, kusubiri gari la taka za hatari, gari lenyewe huja likijisikia. Zilizoshiba alizifunga kwa kamba nyekundu, safi kwa kamba nyeupe. Utaratibu huo aliubuni mwenyewe. Kila Jumamosi aliruhusiwa kubeba kiroba kimoja safi, mama mkwe wake akatandaze kwenye matuta yake ya mboga.

Kisha kamba nyekundu ikaisha. Alimfuata mtunza stoo mara tatu, na mara tatu akaambiwa, "Vumilia kidogo, mama, wiki ijayo." Ijumaa moja, miguu imemvimba na kiuno kinawaka moto, akafunga viroba sita vya sumu kwa kamba nyeupe.

"Si navijua mwenyewe," akajisemea.

Uongo mtupu. Alikuwa amechoka kiasi cha kutojua hata viatu vyake viko wapi.

Kamba ilifika baada ya wiki tatu. Akaenda kuvifunga upya viroba vyake sita, akavikuta vitano. Akahesabu tena, na tena. Akakaa chini palepale, akakumbuka. Jumamosi ile, siku moja tu baada ya kuvifunga, alikuwa amejitwika kiroba bila hata kukitazama.

Nyumbani alimkuta mama mkwe amechuchumaa bustanini, ungo mapajani, anachuma. Tangu bibi huyo amzike mwanawe, mume wa Mama Pumba, furaha yake yote ilikuwa kwenye matuta yale.

"Mama, acha kuchuma."

"Kwani kuna nini, mwanangu? Hebu ona zilivyonawiri!"

"Kile kiroba cha wiki tatu zilizopita nilikosea. Pumba zake zina sumu ya kazini. Itabidi tung'oe zote, na udongo wa juu tuutoe."

Bibi akatazama tuta moja baada ya jingine. Hakufoka, na heri angefoka.

"Na hizi tulizokula wiki zote hizi?"

Mama Pumba alijua maji yanavyoingia pipa la kwanza na yanavyotoka la tatu. Hili hakulijua.

"Kesho asubuhi tunakwenda hospitali, mama. Wote wawili."

Mama mkwe akamwaga ungo chini. Akakaa udongoni.

"Umechoka wewe," akasema. "Siku nyingi nakuona. Nilitaka kukwambia uiache kazi ile. Nikanyamaza, kwa sababu nilizitaka hizo pumba."

Mama Pumba akakaa kando yake, akashika shina lililokuwa karibu, akaling'oa.