Sufu Iliyooshwa kwa Maji Moto

Mama anayesokota sufu hapa Chebunyo huinusa kwanza, kama polisi wa trafiki anavyonusa dereva. Manyoya ya kondoo wa nyama huyarudisha: “Hizo ni nywele, peleka kwa kinyozi.” Anataka ya wale kondoo wa zamani wa sufu, ambao sisi wengine tulishawamaliza kwa nyama choma. Vidole vyake vina mafuta ya sufu siku zote. Akikusalimia Jumapili, unanuka kondoo ibada nzima. Akishaanza kukanyaga gurudumu lake la kusokotea, lililoundwa kwa rimu ya baiskeli, haongei na mtu.

Juzi Caren, jirani yetu, alimletea sufu ya kondoo wa mwisho wa mama mkwe wake. Bibi huyo yuko kitandani tangu Pasaka, na alichoomba ni shali ya kondoo wake mwenyewe. Caren alikuwa ameiosha kwa maji moto na sabuni ya unga. “Nilitaka ing’are, mama.” Sufu yote ilikuwa imeshikana ikawa ngumu kama godoro la hosteli. Nikajiweka vizuri kwenye stuli kufurahia matusi.

Mama akainusa kwa muda mrefu. “Umejitahidi, msichana wangu,” akasema.

Caren alipoondoka, mama akalipakata lile bonge, akaanza kulichambua unyuzi kwa unyuzi.

“Hiyo shali itatoka kweli?” nikamuuliza.

“Haitatoka. Itatosha soksi.” Hakuinua macho. “Miguu ndiyo huanza kupoa.”