Kinu Kilichosaga Polepole

"Na ijulikane kwa wote, walio mlimani na walio bondeni, waliobatizwa na wanaoahirisha, kwamba leo Jumamosi watu wa Stony Fork, Tennessee, wamekusanyika kumtukuza Barzilai Stroud, msagaji, nguzo ya subira, mtu ambaye katika dunia hii ya haraka hakuwahi kuiharakisha punje hata moja!"

Ndivyo alivyoanza Shemasi Ansel Crabtree, amepanda juu ya jiwe kuukuu la kusagia, tumbo mbele, kofia kifuani. Barzilai alisimama mlangoni pa kinu chake cha maji, ndevu nyeupe kwa unga na kwa uzee. Hakuwa akimtazama shemasi. Macho yake yalikuwa kwenye magari ya farasi yaliyojipanga nyuma ya watu.

Subira! Ujanani Barzilai alikuwa mwepesi kuliko maji yake. Kinu alikirithi kwa baba, na viganja vyenye madoa ya buluu pia, maana kila unapochonga mawe yakate vizuri, vichembe vya chuma huruka vikajikita ngozini. Alimwoa Keturah, mwanamke mwenye sauti ya kushinda mawe mawili yakisaga. Ilibidi awe nayo. Ndani ya kinu hakuna kunong'onezana. Hata mahaba yao waliyapigia kelele, wateja nje wakishika mbavu.

"Barzi, unanipenda?"

"Unasemaje?"

"UNANIPENDA?"

"Mimina mahindi, mwanamke!"

Walipata watoto watatu. Wa kwanza alimezwa na vita vya Kaskazini na Kusini. Wa pili aliifuata ardhi ya bure Kansas, na binti akaolewa Missouri na muuza viatu ambaye Barzilai hakuwahi kumwona akitabasamu. Kisha homa ikamchukua Keturah wakati wa baridi, kijito kimeganda, mawe yamenyamaza. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Barzilai alisikia kila neno alilolisema mkewe. Alisema anasikia baridi.

Baada ya hapo zikabaki Jumamosi. Jumamosi ni siku ya kusaga, na bonde zima hushuka na magunia kungoja zamu. Wanaume hucheza dama kwa punje nyekundu na nyeupe, hubadilishana nyumbu wagonjwa wakiapa kwamba ni wazima, na hakuna mtu asiyekuwepo ambaye hasengenywi. Msagaji huchota kibaba chake katika kila gunia, ndio ujira wake, na jioni wote huondoka. Mpaka Jumamosi nyingine, wa kuzungumza na Barzilai ni maji tu.

Siku moja akalishusha kidogo lango la maji yanayozungusha gurudumu la kinu. Gurudumu likapunguza mwendo, na watu wakabaki mpaka chakula cha mchana. Utamu ulioje! Wiki iliyofuata akalishusha zaidi.

"Mjomba Barzi!" walimtania. "Hata kobe angekuwa ameshafika kwake na gunia mgongoni!"

"Unga wa haraka huungua," alijibu, uso mkavu kama ubao.

Shemasi akaligeuza jibu hilo kuwa mahubiri. Waumini wakaitikia amina, na wiki hiyohiyo kikafunguliwa mjini kinu cha mvuke, karibu na reli, kinachomaliza gunia lako kabla hujamfunga nyumbu. Waumini wakaenda huko, mmoja baada ya mwingine. Akabaki Orpha Lindamood, mjane mwenye ulimi mkali na nyumbu kilema asiyeweza kufika mjini.

Orpha ndiye aliyechoka kungoja, akazunguka nyuma ya kinu kutazama.

"Wewe mzee! Lango umelifunga mpaka shingoni!"

"Maji machache."

"Machache? Kijito kimefurika mpaka bata wanakiogopa! Miaka yote hii umenikalisha juu ya gunia mpaka makalio yameota kutu, kumbe ni wewe?"

Barzilai alijipangusa unga kwenye mkono wa shati. "Ningekusagia upesi ungekwenda nyumbani."

Orpha akanyamaza. Jambo hilo peke yake lingetosha kusimuliwa mwaka mzima.

"Mpumbavu," alisema mwishowe, kwa upole. "Ungesema tu, kaeni. Sasa lifungue. Nitawaambia watu waje."

Akalifungua. Akayachonga mawe upya, akafagia buibui, akangoja. Jumamosi zikapita. Leo ndipo alipoyaona magari yanashuka mlimani, yote, la shemasi mbele. Alilipandisha lango mpaka juu, akamimina mahindi yake ya mwisho ili kuyaamsha mawe, na kinu kikanguruma kama enzi za Keturah.

"Na jiwe hili," shemasi alipaza sauti juu ya mngurumo, "tutaliweka mlangoni pa kanisa, kila aingiaye aikanyage subira!"

Watu wakashangilia. Kwenye magari kulikuwa na mabenchi, fidla mbili, watoto wenye pua chafu, na keki kubwa, nyeupe kwa namna ambayo unga wa Barzilai haukuwahi kuwa. Alipekua kwa macho gari baada ya gari.

Ndani, kengele ikalia. Ni ile inayomwonya msagaji kwamba nafaka imekwisha na mawe yanakaribia kusagana yenyewe. Shemasi alidhani inamshangilia, akainama kidogo. Barzilai akaingia ndani, akalishusha lango. Gurudumu likasita, likasimama. Alipotoka, Orpha alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Nilisema waje," alinong'ona. "Wamekuja."

"Mjomba Barzilai!" shemasi aliita, amefungua mikono. "Neno moja, kwa vizazi vijavyo!"

Mzee akajikohoza.

"Kuna aliyekuja na mahindi?"